Bibi wa kukanda kwa arobaini nzima: tathmini yangu, na kazi aliyompa baba mtoto

Tangu nirudi kazini, kila dada mwenye mimba ananiuliza swali hilo hilo: yule bibi wa kukanda ulimlipa kiasi gani, na alistahili? Nalijibu hapa kwa urefu. Tulimlipa shilingi 15,000 kwa siku kwa arobaini nzima, zile siku 40 baada ya kujifungua, yaani 600,000, na nauli ya daladala juu yake. Kwa nyumba ya mwalimu wa shule binafsi na karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hiyo ni hela ya kuanza kujipanga mimba ikiwa bado changa. Alistahili. Nilimwita anikande mimi, na alinikanda vizuri, ila kazi kubwa aliyoifanya ndani ya nyumba yetu ni kumwingiza mume wangu kwenye uzazi, na hiyo hakuna aliyekuwa amemwagiza.

Kwa asiyekulia pwani, nieleze kwanza huduma yenyewe. Kwetu Tanga mzazi halali peke yake wala hajipikii mpaka arobaini itoke. Anatafutwa mtu mzima mwenye mikono ya kazi hiyo. Bibi yetu, mzaliwa wa upande wa Pangani, alikuwa akifika kwangu Tabata, Dar es Salaam, kabla ya saa moja asubuhi, ameshaswali na kunywa chai yake. Anabandika sufuria kubwa ya maji na majani ya mwarobaini, anapima joto kwa kiwiko, anachovya taulo, anakamua, anakukanda: mgongo, kiuno, mapaja, nyayo. Baadaye mafuta ya nazi, akusinge mabega yaliyokufa ganzi kwa kuinamia kunyonyesha. Anakufunga mkaja, kile kitambaa cha kubana tumbo na kiuno. Anakuletea uji wa pilipili manga, mzito, wa moto, na hainuki mpaka bakuli liwe tupu. Hapo ndipo zamu ya mtoto inafika: kuogeshwa, kunyooshwa viungo, kupakwa mafuta, kuvalishwa. Nguo za mtoto anafua, na khanga zangu anafua. Nguo za baba hafui, na alilisema hilo siku ya kwanza mbele ya baba mwenyewe. Jioni, baada ya alasiri, anarudi kidogo kuukagua mkaja na kuacha supu jikoni. Usiku halali kwako.

Kwa desturi yetu, mimba ya kwanza ningerudi kwa mama Tanga mjini. Mama ana presha, hata ndoo ya maji daktari amemkataza kuinua. Mama mkwe yuko Rombo, na Wachagga nao wana utaratibu wao wa kumtunza mzazi miezi mitatu kwa mtori na nyama. Angekuja kwa moyo mmoja, lakini ana ng'ombe wanaokamuliwa asubuhi na jioni na hana wa kumwachia. Tukabaki wawili, chumba na sebule, na hesabu ya likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata siku 3, na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Jirani zetu Kenya walimpa baba wiki 2 katika sheria yao ya 2007. Hizi siku 3 za kwetu zinakwisha mzazi bado anakalia upande mmoja kwa sababu ya nyuzi. Sheria inayompa mwanaume siku 3 imeshamwambia nafasi yake ni ipi, na wengi wanaipokea hivyo hivyo.

Asubuhi ya kwanza Bibi hakugusa kitu mpaka alipouliza: "Umejifungua kawaida au kisu?" Nikamwambia kawaida, ila niliongezewa njia nikashonwa. Akataka kujua nesi amesemaje kuhusu nyuzi, na nimeambiwa nijisafishe vipi. Hapo nikamwamini. Aliyejifungua kwa kisu Bibi hamkandi tumbo wala hamfungi mkaja mpaka hospitali imruhusu. Wapo wanaokanda tu bila kuuliza, na mshono ukileta matatizo huwaoni tena.

Halafu akauliza, "Baba mtoto yuko wapi?"

Alikuwa barazani. Alitoka mwenyewe bila kuambiwa, maana naye amelelewa akijua chumba cha mzazi ni cha wanawake. Bibi akampazia sauti: "Njoo baba, ushike hapa."

Mkaja wetu ulikuwa kitambaa cha marekani, kirefu, kimechanwa upana wa shubiri mbili na kufuliwa mpaka kikalainika. Unalala chali, kitambaa kinapita chini ya kiuno, na kufunga kunaanzia chini kabisa kwenye nyonga, kunapanda kuelekea kitovuni. Wakandaji niliowaona nyumbani hufunga peke yao, goti moja juu ya kitanda. Bibi alimpa mume wangu ncha ya kushoto, yeye akashika ya kulia. "Akitoa pumzi, vuta. Akivuta pumzi, tulia. Tumbo usilitazame, mtazame uso." Mume wangu akavuta kidogo, kwa woga. Bibi akamwambia ongeza. Akaongeza huku macho yake yako usoni pangu, nami nikamtazama. Hatukuwa tumetazamana hivyo tangu niingie leba. Nilipokunja uso akalegeza kabla Bibi hajasema neno. Kufikia wiki ya pili Bibi alikuwa akifika asubuhi anakuta mkaja umeshafungwa. Anapitisha kidole kati ya kitambaa na ngozi kuupima, anaitikia kwa kichwa, anaendelea na kazi nyingine.

Kuhusu mkaja wenyewe niseme wazi, kwa sababu watu wanaununua kwa matumaini makubwa. Haurudishi tumbo la usichana. Kizazi hujirudi chenyewe kwa muda wa wiki 6 hivi, na kinachokisaidia zaidi ni kunyonyesha: mtoto akinyonya, mwili unatoa homoni ya oksitosini inayokikaza kizazi, ndiyo yale maumivu ya tumbo unayoyasikia siku za mwanzo mtoto akishika ziwa. Kilichonisaidia mimi ni kushikiliwa kiuno. Niliweza kusimama na kwenda chooni bila kujipinda, na hiyo peke yake niliifurahia. Usikazwe mpaka ukashindwa kuvuta pumzi. Ukisikia hivyo ufunguliwe hapo hapo.

Sasa kwa nini nasema kazi kubwa ya Bibi ilikuwa kwa mume wangu. Nilimwona dada yangu alivyopita arobaini yake. Nyumba ilijaa: mama, shangazi, mawifi. Shemeji akawa mtu wa kutumwa, leo mkaa, kesho pweza, keshokutwa pampasi. Hakuna aliyemkosea adabu, na hakuna aliyemkabidhi mtoto. Arobaini ilipotoka wanawake wakapanda basi kurudi makwao, wakabaki watu wawili ndani, mmoja anajua kila sauti ya mtoto, mwingine hajui hata kichwa kinashikwaje. Mtoto akilia mikononi mwa baba, dada anamchukua kwa sababu kwake ananyamaza upesi. Baba akaona bora asimshike kabisa. Haukupita muda mrefu wakaanza kugombana, huyu anasema "hunisaidii," yule anasema "huniruhusu," na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Watu wakiniambia mtoto huleta mapenzi ndani ya nyumba namkumbuka dada. Mtoto huleta kazi kwanza, na nyumba nyingi ninazozijua mimi zilianza kupasuka pale kazi ilipomwangukia mmoja huku mwenzake amesimama pembeni hajui aanzie wapi.

Bibi hakuhubiri lolote kuhusu hilo. Yeye alimwachia tu nafasi.

Kuogesha, kwa mfano. Kwetu mtoto mchanga anaogeshwa miguuni: unakaa kwenye kibao, unanyoosha miguu juu ya beseni, unamlaza kifudifudi kwenye miundi, kichwa upande wa nyayo, uso umegeuzwa pembeni, mkono mmoja haumwachi. Siku za kwanza mume wangu alikuwa mwenye kumimina maji tu. Alimimina kwa kikombe, akaambiwa polepole, akamimina polepole. Jumamosi moja Bibi akakaa kitandani akasema, "Leo mimi nimechoka." Mume wangu akanitazama, mimi nikaanza kuinuka. Bibi akanizuia kwa mkono: "Kaa, mwanangu. Anaogeshwa na baba yake, haogeshwi na jirani."

Mtoto alilia sana siku ile. Mume wangu ana miguu mirefu na myembamba, mtoto akawa anateleza kidogo, akambana kwa viganja mpaka nikaona mishipa ya mikono yake imesimama. Bibi anaelekeza bila kuinuka: uso kwanza kwa maji matupu, halafu kichwa, halafu shingo, fungua mikunjo ya shingo, maziwa yanajificha mle yanachacha na kumchubua. Makwapa. Nyuma ya masikio. Kinena mwisho. Mfunike taulo kabla hujamwinua, baridi ndiyo inayomliza. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka, na mtoto amenyamaza kifuani kwake ndani ya taulo. Bibi akamwambia, "Kesho utafanya upesi zaidi." Tangu hapo, siku za shule, kuogesha kulihamishiwa jioni ili baba akirudi kutoka kazini aikute kazi yake inamsubiri. Huo ni uamuzi wa Bibi, na ungenipa nafasi ya kuchagua jambo moja tu la kuliiga ningelichagua hilo. Maana kazi inayofanyika saa ambayo baba hayupo, atajifunza lini?

Usiku ndio ulikuwa mtihani wetu wenyewe. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24, na tumbo lake halijui mchana wala usiku. Tuligombana. Mimi nilitaka aamke kila nikiamka. Yeye alisema hawezi kusimama mbele ya kidato cha pili amelala kwa macho wazi, na kweli usingizi ulimshika katikati ya kusahihisha madaftari, kalamu ikachora mstari ukurasa mzima. Kila mmoja alikuwa anamhesabia mwenzake usingizi. Nikamweleza Bibi wakati ananisinga, nikitegemea atamkemea. Hakumkemea. Alituita wote wawili akauliza kila mtu asubuhi anaamka saa ngapi, na mtoto analala vizuri wakati gani. Akagawa hivi: mpaka saa saba usiku, mtoto akiamka, baba ndiye anayeinuka kwanza, anambadilisha nepi, ananiletea, nikimaliza kunyonyesha anamchukua begani kumcheulisha na kumlaza. Baada ya saa saba ni zamu yangu, baba alale. Akirudi shuleni saa kumi jioni anampokea mtoto kwa saa nzima, nami nalala na simu imezimwa. Nje ya chumba asinigongee ila mtoto akitaka ziwa.

Kwa macho ya mtu wa nje ni mgawo mdogo. Kwetu ulimaliza ule ugomvi wa hesabu, kwa sababu kila mmoja alijua lini anaruhusiwa kulala bila kujiona mwizi.

Kuna siku, maziwa yalipojaa kwa nguvu, nililia kuanzia asubuhi. Nililia kwa sababu uji ulikuwa wa moto, nikalia kwa sababu umepoa. Mume wangu akaogopa, akachukua simu ampigie mama Tanga. Bibi akamwambia, "Mwache alie, lakini usimwache peke yake." Mume wangu akakaa nami pale kitandani, hakuniuliza kitu, akawa ananikunjia nguo za mtoto. Kliniki nesi alitueleza kwamba machozi ya aina hii huwapata wazazi wengi sana siku za mwanzo, homoni zinaposhuka kwa ghafla, na kwa kawaida yanaisha ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, au mama akashindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, au akamchukia mtoto, au akafikiria kujidhuru, huo ni ugonjwa na una tiba hospitali. Baba naye anaweza kupatwa, na mara nyingi haulizwi. Hapa sitamsifu Bibi kupita kiasi. Nilimuuliza yeye hufanyaje akikutana na mzazi wa namna hiyo, akaniambia walimsomea mmoja dua na kumnywesha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Dua na kombe sina ugomvi navyo, nyumbani kwetu tumekulia humo. Lakini visicheleweshe hospitali hata siku moja. Kama huna mtu mwingine wa kukuangalia isipokuwa mkandaji, basi mumeo na azijue dalili hizo mwenyewe, azishike kichwani kama anavyoshika namba ya simu yako.

Chakula tulikula vizuri mno. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kila jioni kuuliza kama nimepata mtori, na Bibi kwake mzazi ni uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji na mchuzi wa pweza. Mume wangu Jumamosi asubuhi anakwenda Soko la Feri kwa pweza, akirudi anapitia soko la Mahakama ya Ndizi Mabibo kununua ndizi mshare. Mtori akaupika yeye, mama yake akimwelekeza kwa simu iliyowekwa sauti juu: nyama iive kwanza kabisa, ndizi zisagike, usiache mabonge. Bibi akaonja. "Huu mzuri, umepungukiwa pilipili manga tu." Mama mkwe akacheka kule Rombo mpaka tukamsikia hadi sebuleni. Wale wawili hawajawahi kuonana, ila sasa wanaulizana hali.

Nakuja kwenye mambo niliyomkatia alama.

La kwanza na kubwa ni kubemenda. Bibi anaamini, kama wazee wengi wanavyoamini, kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, mtoto anadhoofu, miguu inalegea, anachelewa kutembea. Na baba akitoka nje ya ndoa akarudi akamshika, hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo amri yake ilikuwa baba alale sebuleni, na si kwa arobaini tu, mpaka mtoto asimame. Sijaona imani inayowatenganisha mume na mke kwa upole kama hii, maana inasemwa kwa jina la mtoto, na nani atabisha kwa jina la mtoto? Mke anamwogopa mumewe. Mume anajiona hatari ndani ya nyumba yake. Wengine wanapewa kisingizio cha kutoka. Na mtoto akiugua, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni nani amembemenda, wakati anahitaji kupimwa uzito na kutibiwa.

Tulilipeleka kliniki wiki ya 6, siku mtoto alipokwenda kuchomwa sindano ya kwanza ya chanjo ya pentavalenti. Mume wangu aliomba ruhusa shuleni akaja. Nilipoanza kliniki ya mimba tuliitwa wote wawili tupimwe virusi vya Ukimwi. Baada ya hapo sikusikia tena baba akiulizwa, kwa hiyo ile ya wiki ya 6 ni ya kujipeleka mwenyewe. Nesi alitujibu bila kuzunguka. Mbegu za kiume haziingii kwenye maziwa. Nyuzi zikishapona na mama akawa tayari mwenyewe, moyo na mwili, hakuna kinachomdhuru mtoto. Kinachodhuru ni mimba nyingine ya haraka: mama anachoka, maziwa yanapungua, mtoto anaachishwa kabla ya wakati na kudhoofu. Naamini wazee waliona hali hiyo kwa macho yao wakaipa sababu yao. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Na kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, utumie njia nyingine. Mume wangu ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko mimi. Kama ningemletea majibu nyumbani mdomoni mwangu angeyapokea, lakini mazungumzo tuliyozungumza ndani ya bajaji tukirudi tusingekuwa nayo.

Kuhusu kulala, mume wangu alimwambia Bibi tangu mwanzo kwa heshima zote kwamba zamu ya usiku haiwezi kufanywa kutoka sebuleni. Bibi akafikiri, akasema basi alale chini kwenye godoro lake. Akalala chini. Kitanda kikabaki changu, na nafasi ya kunyonyesha ikawa kubwa, hilo hatukulilalamikia.

La pili ni maji. Mtoto alianza kulia jioni, amekunja miguu, Bibi akasema chango, kesho yake akaja na kichupa cha maji ya dawa. Nilikataa. Miezi 6 ni maziwa ya mama matupu, hata maji hapana, na wote wawili tulikuwa tumekubaliana hivyo kabla sijajifungua. Bibi alinuna. Siku iliyofuata alifanya kazi zake zote bila kusema zaidi ya salamu. Kilichosaidia ni kwamba mume wangu ndiye aliyezungumza: "Bibi, sisi ni wanao, kwa hili tunakuomba utuachie." Ningesema mimi lingekuwa neno la mzazi mkaidi, aliposema baba likawa neno la nyumba. Vivyo hivyo kitovu: yeye alizoea kupaka majivu, sisi tulikiacha kikavu na kisafi mpaka kikadondoka chenyewe.

La tatu ni mkaa. Kumfukiza mzazi kwa udi ni kitu kizuri, nilijisikia mtu tena siku ile. Lakini Bibi alitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani, dirisha limefungwa mzazi asipigwe na upepo, mtoto yumo humo humo. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa usingizini kwa jiko la mkaa. Tulifukiza kwa chetezo kidogo, dirisha wazi, mtoto akiwa na baba yake barazani. Hili usilifanyie aibu hata kidogo.

Na anapiga soga. Habari za wazazi wake wa zamani nilizisikia nyingi, bila majina, lakini ukijua mtaa unajua mtu. Yako nayo itasikika Buguruni. Chagua unalomwambia.

Kwa yote hayo nampa nyota 4 kati ya 5. Ile moja ni ya kubemenda na kichupa cha dawa.

Ukitaka kumchukua mtu wa kazi hii, yeye au mwingine, kaeni naye wote wawili kabla hujajifungua, mimba ikiwa na miezi saba hivi. Ongeeni naye mambo manne: kisu au kawaida, kitovu, maji na dawa za mtoto, na mkaa. Muulize mbele ya mumeo kama ana tatizo baba akiingia chumbani. Jibu lake kwa hilo la mwisho ndilo ningelisikiliza kuliko bei. Akisema mwanaume hana kazi humo, mtafute mwingine, hata kama anasifiwa mikono yake Dar es Salaam nzima. Bei ya sasa hivi jirani zangu wanatajiwa kati ya 10,000 na 20,000 kwa siku, na kwa kisu wengi wanapunguza kwa sababu kukanda tumbo hakupo. Kama hela haitoshi kwa arobaini, mchukue wiki mbili za mwanzo, mumeo awe anajifunza kila kitu kuanzia siku ya kwanza, halafu mmalizie wenyewe. Bibi hapokei wazazi wawili kwa wakati mmoja, na sasa hivi yuko Kinyerezi kwa mzazi wa pacha, kwa hiyo anayejifungua mwezi ujao asimtegemee.